HOFU SI JINI, WALA SI UHABA WA IMANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa ndani ya nyumba: sisi maustadhi, sisi wazazi, na hawa wanaojiita waganga wa kisomo. Mtoto akishikwa na hofu, moyo ukamwenda mbio, mikono ikatetemeka, usingizi ukampotea, tuna majibu mawili tu mdomoni. La kwanza: ana jini. La pili: imani yake ni haba, angekuwa anaswali vizuri yasingempata haya. Ninasema wazi kwamba majibu haya mawili, tukiyatoa kabla ya kuuliza na kabla ya kupima, yanawaumiza watoto wetu. Na mara nyingi ndiyo yanayoigeuza hofu ya kawaida ikawa maradhi.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili asije mtu akasema Ustadh anawanyooshea wenzake kidole.

KOSA LANGU

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa kike hapa Kisugu, umri wake kama miaka kumi na minne, hodari wa kuhifadhi. Siku moja tulikuwa na wageni, nikamsimamisha asome. Alisoma aya chache kisha akanyamaza. Akashika kifua, akasema hapati pumzi, anakufa. Mimi nilikasirika. Nikamwambia mbele ya watu kwamba moyo wa anayemkumbuka Allah hutulia, sasa wake una nini? Wageni walipoondoka nikamshauri mama yake ampeleke kwa mtu wa kisomo.

Mama yule ni muuza mboga karibu na reli ya Namuwongo. Alilipa kwa mafungu matatu, na bado akadaiwa mbuzi mweusi. Binti alirudi hali yake ni mbaya kuliko alivyokwenda. Mwanzo alikuwa anaogopa mapigo ya moyo wake. Sasa akawa anaogopa na jini aliyeambiwa yumo ndani yake. Darasani nikamwona anaweka kidole shingoni, chini ya hijabu, anahesabu mapigo. Akaacha madrasa, kisha shule, kisha hata kutumwa dukani akawa hawezi.

Aliyemsaidia ni muuguzi mmoja, dada anayeswali msikitini kwetu. Aliwauliza maswali ambayo sisi hatukuyauliza. Yameanza lini? Yanaanzaje? Yanadumu dakika ngapi? Unakula nini, unalala saa ngapi, kuna jambo gani nyumbani? Akawapeleka kupimwa damu na presha, kisha kwa mshauri wa afya ya akili. Ilichukua miezi, lakini alirudi shuleni. Leo ni mtu mzima, mzima wa afya, alhamdulillah. Nilimwomba msamaha akanisamehe. Aliniambia kwamba kwa mwaka mzima hakuthubutu kulala taa ikiwa imezimwa, kwa sababu sisi wakubwa ndio tuliomwambia kuwa hayuko peke yake mwilini.

Neno hilo sijalisahau. Ndiyo sababu ya makala hii.

HOFU NI AMANA MWILINI

Ndugu msomaji, hofu ni katika maumbile aliyotuumbia Allah. Mfano, unavuka reli pale Namuwongo, akili yako iko mbali, ghafla unasikia honi ya treni. Kabla hujafikiri lolote umekwisha ruka. Nani amekurusha?

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, kazi yake ni kama mlinzi wa getini. Ikiona hatari inapiga kengele, na kengele ile inafika kwenye tezi za adrenali, zilizo juu ya figo. Tezi zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unapiga haraka ili damu ifike kwenye misuli ya miguu na mikono. Pumzi zinakuwa za haraka ili hewa iongezeke. Jasho linatoka ili mwili usipate joto kupita kiasi. Kazi ya tumbo kusaga chakula inapunguzwa, maana si wakati wake, na ndiyo maana mdomo unakauka na tumbo linasokota. Hatari ikiendelea inafuata homoni nyingine, kotisoli, inayouweka mwili macho na kuuongezea sukari kwenye damu. Mwanasayansi wa Marekani, Walter Cannon, aliieleza hali hii katika kitabu chake cha mwaka 1915: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia.

Sasa tazama. Moyo kwenda mbio, kutetemeka, jasho, tumbo kusokota, mdomo kukauka: hizi ndizo tunazoziita dalili za jini. Kumbe ni askari wa mwili wanaofanya kazi waliyoumbiwa. Nabii Musa (a.s.) alipoiona fimbo yake imekuwa nyoka aligeuka akakimbia, na Qur'ani imetusimulia hilo bila kumvua utume. Mama yake Musa moyo wake ulibaki mtupu kwa hofu ya mwanawe. Nabii Yaqub (a.s.) macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Nani katika sisi atathubutu kusema watu hawa walikuwa na imani haba?

INAVYOGEUKA MARADHI

Tatizo linaanza pale kengele inapolia na treni haipo. Wahenga wamesema, mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii imebeba elimu kubwa, maana ndivyo ubongo unavyojifunza hofu. Aliyeaibishwa mbele ya wageni, siku nyingine akiona wageni tu kengele inalia. Kutoka hapo hadi kwenye maradhi kuna hatua, nami nitazitaja moja moja.

1. Kengele inalia bila hatari. Moyo unakwenda mbio mtu amekaa kitako. Anavuta pumzi nyingi za haraka, hewa chafu ya kaboni inapungua mno kwenye damu, kwa hiyo anapata kizunguzungu na vidole vinafanya ganzi. Hali hii hufika kileleni ndani ya dakika chache kisha hushuka yenyewe.

2. Anaipa tafsiri mbaya. Anasema ninakufa, au ninapata wazimu, au kuna kiumbe ndani yangu. Tafsiri yenyewe inatisha, basi mlinzi wa getini anasikia hatari mpya na kupiga kengele tena. Hapa hofu inaiogopa hofu.

3. Anaanza kujichunguza. Kila saa anasikiliza moyo wake, na anayesikiliza moyo hakosi kusikia kitu.

4. Anaanza kukwepa. Haendi madrasa, akipata nafuu siku hiyo ubongo unajifunza kwamba kweli madrasa ni hatari, na amepona kwa sababu hakwenda. Kesho inamwogopesha zaidi. Dunia yake inazidi kuwa ndogo mpaka inabaki chumba na kitanda.

Ndugu zangu, rudini kwenye hatua ya pili. Ni nani anayempa mtoto ile tafsiri mbaya? Ni mimi na wewe. Tukimwambia ana jini tumemkabidhi tafsiri inayotisha kuliko zote. Tukimwambia imani yake ni haba tumemwongezea aibu, naye ataanza kuficha. Na mficha maradhi kifo humuumbua.

Wapo wengine ambao kengele yao hailii kwa kishindo, inalia polepole mchana na usiku. Mwenye nyumba anadai kodi, mvua ikinyesha maji ya mfereji wa Nakivubo yanaingia ndani, ada ya shule haijapatikana, mtihani wa PLE unakaribia na mtoto anajua ukoo mzima unamtazama. Mwili haukuumbwa kukaa kwenye hali ya kukimbia mwezi mzima. Usingizi unakatika, kichwa kinauma, shingo inakaza, hasira zinakuwa karibu. Wasiwasi wa namna hii ukidumu siku nyingi kwa miezi sita na zaidi, mtu hawezi kuuzuia, na kazi au masomo yanaharibika, madaktari wanauhesabu kuwa maradhi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya wasiwasi, wanawake wengi kuliko wanaume. Na sisi Uganda tusisahau kwamba shule zetu zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Watoto walirudi wamepitwa na masomo, wengine wamefiwa, na tukawadai wakimbie kama hakukutokea kitu.

KASHASHA, MWAKA 1962

Wako watakaosema, mbona wasichana wa shule wanaanguka kumi kwa mara moja wakipiga kelele? Hiyo nayo ni hofu?

Sikilizeni habari ya jirani zetu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hali ikaenea. Kati ya wanafunzi 159 walishikwa 95, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudishwa nyumbani, vijiji na shule nyingine nazo zikapatwa. Madaktari walichunguza wakitafuta sumu katika chakula na vijidudu katika damu, hawakupata. Walioitazama habari hiyo baadaye waliihusisha na shinikizo lililokuwa juu ya wale watoto: bweni, nidhamu kali, matarajio makubwa ya wazazi, na nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imepata uhuru Desemba 1961.

Mwili wa binadamu unaambukizana hofu kama unavyoambukizana miayo. Anaanguka mmoja, wa pili anamtazama, kengele yake inalia, naye anaanguka. Sasa fikiria shule ambayo mkubwa anapanda jukwaani na kutangaza kwamba majini yamevamia bweni. Je, amezima moto au amemwaga petroli?

BI KHADIJA ALIFANYA NINI?

Mtume wetu (s.a.w.) alipojiwa na wahyi mara ya kwanza katika pango la Hira, alirudi nyumbani moyo wake unatetemeka, akaomba afunikwe. Astaghfirullah, sifananishi wahyi na hofu ya mtihani. Ninataka tutazame namna Bi Khadija (r.a.) alivyompokea mtu aliyeingia nyumbani anatetemeka.

Kwanza alimfunika mpaka hofu ikamtoka. Alianza na mwili. Pili alimsikiliza, naye akamweleza kwamba anajihofia nafsi yake. Tatu alimkumbusha mema yake: unaunga udugu, unawabebea wanyonge mizigo yao, unawakirimu wageni, Allah hawezi kukufedhehesha. Hakumkemea. Nne alimpeleka kwa mwenye elimu, binamu yake Waraqa bin Nawfal, tena alikwenda naye, hakumtuma peke yake.

Kufunika, kusikiliza, kumkumbusha mtu heri yake, kumpeleka kwa mwenye ujuzi. Mimi kwa yule binti nilifanya kinyume cha yote manne. Nilimsimamisha mbele za watu, sikumsikiliza, nilimtajia upungufu wake, na nikampeleka kwa mjinga.

MAJIBU KWA WATAKAOPINGA

Watasema: "Ustadh anakanusha majini na ruqya." La, hasha. Majini wametajwa katika Qur'ani na anayewakanusha amekanusha Qur'ani. Ruqya ni sunna, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwomba Allah amkinge na wasiwasi na huzuni. Lakini kuwepo kwa majini hakumaanishi kila mtetemeko ni jini, kama kuwepo kwa wezi Kabalagala hakumaanishi kila anayebisha hodi ni mwizi. Na ruqya ya sunna ni kisomo na dua, mama anaweza kumsomea mwanawe kitandani bila kulipa shilingi. Kumpiga mgonjwa makofi, kumfukizia moshi mpaka akohoe, kumdai mbuzi wa rangi fulani, hayo mmeyatoa katika kitabu gani?

Watasema: "Haya ni mambo ya Wazungu." Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Alieleza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na kwamba kimoja kikiugua humuumiza mwenzake. Aliitenga hofu, hasira, huzuni na wasiwasi wa mawazo yanayojirudia, kila kimoja na tiba yake. Akashauri mtu aweke akiba ya fikra njema akiwa mzima, zimfae siku ya hofu, kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Sisi ndio tuliosahau urithi wetu, kisha tukauita wa kigeni.

Watasema: "Nitampelekaje mwanangu Butabika, watu watasema nini?" Hospitali ya Butabika ilifunguliwa mwaka 1955, na mpaka leo watu wa Kampala wanalitumia jina lake kama tusi. Tusi hilo limewazuia wagonjwa wangapi? Na si kila mwenye wasiwasi anahitaji Butabika. Anzia kituo cha afya kilicho jirani, kama hiki chetu cha Kisugu. Tezi ya shingo ikizidisha kazi, au damu ikipungua, moyo huweza kwenda mbio vilevile, kwa hiyo kupima kwanza ni lazima. Kisha yapo mazungumzo ya tiba, ambamo mtu anafundishwa kuirudia polepole ile hali anayoikwepa mpaka kengele inazoea. Na zipo dawa, lakini za kuandikiwa na daktari. Vidonge vya usingizi vya kununua dukani, kama Valium, humfunga mtu akawa mtumwa wake.

Watasema: "Sisi tulipigwa madrasa na hatukuugua." Aliyeugua hayupo hapa kukujibu, aliacha madrasa zamani. Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu utotoni, na ametueleza kwamba hakuwahi kuambiwa hata "ah". Sheria ya watoto ya nchi hii, iliporekebishwa mwaka 2016, imekataza viboko katika taasisi za elimu. Inasikitisha kwamba bunge limetutangulia katika sunna.

TUFANYE NINI?

Ewe mzazi. Mtoto akishikwa, kaa naye chini, sema kwa sauti ya chini. Mwambie: hii ni hofu, inaumiza lakini itapita, mimi nipo. Mwongoze avute hewa kidogo puani na aitoe polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Usimwahidi kwamba hatakwenda tena shuleni. Mpeleke hatua kwa hatua. Maumivu ya kifua yakiwa mapya au makali, nenda hospitali usibahatishe. Na akitamka kwamba hataki kuishi, usimwache peke yake hata dakika moja, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Ewe mwanafunzi. Punguza kahawa na vile vinywaji vya nguvu vya chupa mnavyokunywa mkesha wa mtihani, maana vinaipigia kengele mwilini. Mairungi ni hatari zaidi. Lala. Usiku wa kukesha kabla ya mtihani hauongezi elimu, unaongeza mtetemeko. Udhu, sala ya utulivu na dhikri ni mapumziko aliyokupa Mola wako mara tano kwa siku, usiifanye sala nayo kuwa mtihani wa kujipima kama umepona. Na ukiona siku zinapita hupati nafuu, mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini. Akikucheka, mwambie wa pili.

Nanyi maustadhi wenzangu. Mtoto akigota katika kusoma, msogezee neno aendelee. Tusimwaibishe mbele ya wageni ili tuonekane wakali. Na tuwe na ujasiri wa kusema "hili silijui, mpelekeni kwa daktari". Mwenye kusema sijui katika asichokijua amehifadhi dini yake na ya wenzake. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu na akamfundisha bedui amfunge ngamia wake kisha amtegemee Allah. Kumpeleka mtoto hospitali ndiko kumfunga ngamia. Dua ya mama usiku ndiko kutegemea. Anayekuchagulia kimoja na kukuvua kingine hakukutakia heri.

Nimesema nilichosema. Kilicho sawa kimetoka kwa Allah, na kilichokosewa kimetoka kwangu na shetani. Mwenye hoja ya kunipinga aje tukae barazani baada ya Isha, lakini aje na hoja. Kwanza lakini amtazame mwanawe usoni leo jioni, na amuulize analala vipi.

Ewe Mola, watulize watoto wetu nyoyo zao, waponye wagonjwa wetu wa mwili na wa nafsi, na utusamehe sisi tuliowatisha kwa ujinga wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu yenu, mwalimu wa madrasa, Kisugu, Kampala.